Tumboni mwa Kamba wa Mtoni

Leo sokoni mama mmoja alimwaga ndoo ya kamba wa mtoni, na ile harufu ya matope ikanirudisha utotoni, kando ya dada yangu mkubwa, niliyemwita yaya. Alikuwa akisoma chuo kikuu, Kasapa. Kwa utafiti wake, alipasua matumbo ya kamba kwa wembe aone wamekula nini. Wa kijitoni walijaa majani yaliyooza. Wa bwawani, vipande vya konokono.

“Yaya, juu ya nini habakule kintu moja?” nikauliza kwa nini chakula chao kilitofautiana.

“Kila moja anakulaka ile anakuta fasi iko,” yaani mahali alipo. Akanawa mikono taratibu. “Kesho nitavuka mpaka pale Sakania, niende Zambia kutafuta maisha. Usiambie mama, atanikataza.”

Alipoondoka, sikumwambia mama alikokwenda. Siku tatu mama alimwekea sahani mezani, nami nikala nimeinamisha kichwa.