Siku Kumi za Kutafuta Pazia la London

Pazia la nyuma katika studio yangu ya picha, Korogwe, lilikuwa na picha ya London iliyochorwa na fundi ambaye, nina hakika, hakuwahi kufika huko. Mnara wa saa ulikuwa umeinama, mto ulikuwa na rangi ya soda, na pembeni alikuwa amepanda minazi miwili. Watu walilipenda hivyo hivyo. Maharusi, wahitimu, watoto waliovalishwa nguo za Idi, wote walisimama mbele yake kwa miaka kumi na minne, mpaka likachanika katikati. Nikaamua linalofuata liwe la kweli. Nitakwenda mwenyewe, nitatembea kwa miguu, nitafute mahali ambapo mtu akisimama, mji unakaa vizuri nyuma ya bega lake.

Sababu ya pili sikuitangaza. Kaka yangu Hamisi, dereva wa basi London kwa mwaka wa ishirini na moja, alikuwa ameacha kupiga simu ya video. Alipiga ya sauti tu, kila Ijumaa, na kila mara kisingizio kilikuwa mtandao. Nilipokuwa nafunga begi, mama akaja kusimama mlangoni.

"Usimuulize kitu," aliniambia. "Mtazame tu."

Nilitua Heathrow asubuhi ya katikati ya Oktoba. Hamisi alikuwa amesimama kwenye kizuizi cha wanaopokea wageni, amevaa koti la kazini, anatazama mbele kama askari wa gwaride. Nilimpungia mkono kutoka upande wa kushoto. Hakugeuka. Nikamkaribia hadi nikamgusa kiwiko, akaruka kwa mshtuko, kisha akanikumbatia kwa muda mrefu.

"Umenenepa, Mwanaidi," alisema.

"Na wewe umezeeka, kaka."

Tulicheka. Kwenye treni aligongana na watu wawili, na kila mara yeye ndiye aliyeomba radhi. Nikasema moyoni, ni uchovu wa zamu.

Anakaa Tottenham, ghorofa ya tatu, katika jengo la nyumba za kupanga za halmashauri, lenye ngazi za zege. Flati yake ilikuwa safi kupita kiasi, kila kitu kimesukumwa ukutani, katikati hamna hata zulia. Mkewe aliondoka zamani na watoto hawakupata. Alinipa chumba chake, yeye akalala kwenye kochi. Chai alinimiminia polepole, kidole kimeshika ukingo wa kikombe.

"Kesho nina zamu ya mapema," alisema. "Wiki nzima ni hivyo. Utatembea mwenyewe?"

"Nimekuja kutembea."

Siku ya kwanza nilianzia kilima cha Primrose. Nilifika saa moja na nusu, jua likiwa limetoka mkono wa kushoto, na mji wote ulikuwa chini yangu, majengo marefu yamesimama kwenye ukungu kama chupa juu ya kabati. Nilipiga picha arobaini. Nzuri, lakini kwa pazia hazifai: mji uko mbali mno, mtu angeonekana anauaga.

Nilikuwa namrekodia mama ujumbe wa sauti, namweleza baridi ilivyo, mara mzee mmoja wa Kihindi aliyevaa kofia ya sufu akasimama mbele yangu.

"Kiswahili hicho cha wapi, mama?"

Nikamwambia cha Korogwe. Yeye alizaliwa Moshi, siku hizi anakaa Harrow, na tangu mkewe afariki hupanda treni kila Jumatatu kuja kutembea kilimani hapa, maana daktari amemwambia asikae ndani.

"Watu wa hapa hawasalimiani?" nilimuuliza, kwa utani, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameitikia salamu yangu.

"Wanamsalimia mbwa kwanza," alisema. "Mimi sina mbwa." Akaitazama kamera yangu. "Unataka mji wote nyuma ya mtu? Nenda daraja la Waterloo, asubuhi, usimame katikati. Kilima ni cha wanaopumzika."

Aliniaga kwa mikono miwili, akateremka. Ndiye mtu pekee wa nje aliyeongea nami siku tatu.

Siku ya pili nilifuata njia ya mfereji, toka Camden hadi pale boti zinapofungwa chini ya miti iliyoanza kugeuka njano. Mahali pazuri sana, maji yametulia, lakini boti zile zina watu wanaoishi ndani, wanakunywa chai kwenye vidirisha vyao, na nilijiona ninachungulia. Siku ya tatu nilivuka daraja la waenda kwa miguu linaloelekea kwenye kanisa kuu lenye kuba. Ukiwahi kabla ya saa mbili, daraja lote ni lako na kuba linakaa katikati kama limepimwa. Mchana nilikula sandwichi kwenye benchi kando ya mto. Mpaka jioni nilikuwa nimetamka neno moja tu, la kuomba radhi, nalo niliiambia nguzo niliyoigonga.

Nyumbani Hamisi alinisimulia kazi. Abiria fulani kasahau keki ya harusi ndani ya basi. Mwingine kapanda na ngazi ya kupaka rangi. Nilicheka nikiwa na usingizi.

Siku ya nne mvua ilinifukuza mjini. Nikaenda Walthamstow, kwenye soko lile la barabarani lisilo na mwisho, nikanunua ndizi na binzari, halafu mvua ilipokatika nikaamua kurudi Tottenham kwa miguu. Njia inapita kati ya mabwawa, kisha inavuka mto mdogo karibu na stesheni. Juu ya daraja nikafunga lenzi ndefu, kwa sababu boti nyekundu ilikuwa imesimama mahali ambapo mwanga umetoka ghafla. Nilipiga mara tatu. Ya tatu nikaona mtu nyuma ya boti, ameketi kwenye benchi lililoloa, koti la kazini, mfuko wa plastiki miguuni.

Nilidhani nimefananisha. Nikavuta lenzi mpaka mwisho.

Ilikuwa saa sita mchana. Kaka yangu alikuwa anatazama maji. Mwanamke mwenye kigari cha mtoto alipita kushoto kwake karibu kabisa, gurudumu likamgusa kiatu, ndipo akashtuka na kuvuta mguu. Akainua mkono kuomba radhi, lakini mkono aliuelekeza pasipo na mtu.

Nilishusha kamera. Sikuteremka. Naandika haya nikiona aibu, lakini sikuteremka. Nilizunguka barabara nyingine, nikakaa kwenye kibanda cha kusubiri basi mpaka saa tisa. Aliporudi saa kumi, akavua viatu, akasema foleni ilikuwa mbaya sana leo. Nikamwandalia wali. Nilimtazama, kama nilivyoagizwa, na safari hii nikaona: mkono unavyopapasa meza kutafuta kijiko, shingo inavyogeuka nzima kufuata sauti yangu.

"Kaka," nilisema, "kesho omba ruhusa. Siku moja. Nipeleke wewe daraja la Waterloo."

"Nitajaribu kuwaambia."

Tulitoka alfajiri, tukashuka upande wa mto. Kwenye ngazi za kwenda darajani nilimpa mkono, naye akaushika. Tulipofika katikati ya daraja nikamwambia tu kwamba nilimwona kwenye benchi.

Mabasi mekundu yalikuwa yanapita nyuma yetu moja baada ya jingine. Alisikiliza mawili matatu kabla hajajibu.

"Ni presha ya macho," alisema. "Upande wa kushoto ulikwenda kwanza. Sikujua umekwenda. Ubongo unajaza wenyewe, unadhani unaona. Walipopima macho kwa ajili ya leseni, nikashindwa. Hawakuwa na ubaya. Daktari aliyenipima alinipa kiti, akaniletea maji. Sasa ni miezi minane tangu niache kuendesha."

"Na kila siku unatoka na koti?"

"Ulipokuja ndiyo nimeanza kutoka. Kabla ya hapo nilikuwa nakaa ndani."

Hilo liliniuma kuliko lote. Niliuliza kwa nini hakusema.

"Mama anawaambia watu mwanangu anaendesha basi la ghorofa London. Kwenye kisomo, sokoni, hospitali. Utamwambiaje? Na simu ya video, uso wake siupati. Naona ukungu unaongea."

Kisha akauliza: "Ulinipiga picha pale kwenye benchi?"

"Moja."

"Ifute."

Nilikuwa nimeitazama usiku mzima. Mwanga ulikuwa umemwangukia bega moja, maji yamekuwa fedha, boti imempa rangi pembeni. Katika safari yote sikuwa nimepiga picha bora kuliko ile. Niliifuta nikiwa nimemshikia kamera karibu na uso, asikie kitufe.

"Haya," alisema. "Sasa niambie kuna nini hapa. Nimelivuka daraja hili mara zisizo na idadi, macho yote kwenye barabara."

Nikamgeuza mashariki. Nikamwambia jua limetoka nyuma ya yale maghorofa, kuba la kanisa lipo kushoto kidogo, rangi yake ya kijivu cha njiwa, na juu yake wingu moja limevunjika. Maji yanakwenda kuelekea baharini, kahawia, yana mikunjo. Nikamgeuza magharibi. Gurudumu kubwa limesimama, mnara wa saa unapata jua la kwanza kwenye dhahabu yake, nao haukuinama. Aliuliza maswali kama fundi: upana gani, kivuli kinaangukia wapi, watu wamevaa nini. Nikagundua kwamba sikuwa nimeuona mji huu mpaka nilipolazimika kuutamka.

"Piga hapa," alisema hatimaye. "Pazia lako ni hili."

Nikapiga. Alisogea pembeni asiingie.

Siku tano zilizobaki tulitembea pamoja, Greenwich, bustanini, sokoni, yeye kashika kiwiko changu. Kuhusu mama, nilimwambia sitamdanganya, lakini habari hiyo si yangu kuipeleka. Uwanja wa ndege hakuja. Niliagana naye mlangoni pa flati, na nilipofika chini nikatazama juu. Alikuwa dirishani, anapunga mkono kuelekea njia ambayo sikuwa nimeichukua.

Pazia limechapishwa Dar, ni zuri, na maharusi wanalipenda, ingawa bibi mmoja aliulizia minazi. Wanaoniuliza niwaelekeze nawaambia: Waterloo, katikati ya daraja, saa moja na nusu asubuhi ya Oktoba. Nililojifunza siwaambii studioni. Mimi ninayelipwa kuangalia nyuso za watu nilikaa siku nne nyumba moja na kaka yangu bila kuona kwamba haoni, kwa kuwa nilikuwa nawahi mwanga wa nje. Mama aliniuliza mara moja tu, "Umemtazama?" Nikasema ndiyo, atakupigia mwenyewe. Hakuuliza tena.

Ijumaa ya tatu tangu nirudi, simu ililia, nayo ilikuwa ya video. Kwenye kioo lilitokea sikio na nusu ya shavu. Nilimshikia mama simu.

"Mama," Hamisi alisema, "macho yangu yameharibika. Siendeshi tena."

"Na barabara?" mama aliuliza. " Nani anakushika mkono ukivuka?"

"Hakuna. Nasubiri taa, nasikiliza, navuka."

Mama akaitikia kwa kichwa taratibu, mara mbili. Halafu akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Nimeitikia kwa kichwa, Hamisi," alisema. "Nimekubali. Nimekaa kwenye mkeka, nimevaa ile kanga ya bluu. Na mdogo wako yuko hapa kulia kwangu, analia."