Ukurasa wa Sitini na Mbili

Ubaldo Minelli alikuwa kinyozi pale Serralta, mji mdogo wa mlimani huko Umbria, na mtu akienda kwake kunyolewa ndevu alinyolewa huku watakatifu wanamtazama. Ukuta mzima ulikuwa umejaa kurasa za vitabu vya kale vya kwaya. Ni kurasa za ngozi, pana kama mlango wa kabati, zenye noti nyeusi za mraba juu ya mistari myekundu, na pale wimbo unapoanza kuna herufi moja kubwa ya buluu na dhahabu, ndani yake malaika ametulia kama mtu aliyekaa dirishani kwake.

Hakuzipata kwa utajiri. Mmoja aliukuta umefunika mtungi wa mafuta ya zeituni kwa mkulima mmoja. Ukurasa mwingine mjane fulani alikuwa ameufanya kifuniko cha taa. Wa tatu ulikuwa umewambwa kwenye ngoma ya bendi ya mji, na huo aliungoja kwa subira mpaka ngoma ikapasuka. Yule mkulima wa mafuta alinyolewa bure maisha yake yote yaliyobaki, na hata alipolazwa kwenye jeneza, Ubaldo ndiye aliyekwenda kumnyoa, kwa sababu ahadi ni ahadi.

Ila uliokuwa roho yake ni ule wa herufi G, wenye Bikira Maria anayepaa mbinguni na vazi lake la buluu. Huo hakuutafuta. Alipewa na baba yake, Crispino, siku ya ndoa yake, ukiwa umefungwa ndani ya foronya. Crispino alikuwa mtunza kanisa. Kengele, divai na funguo vyote vilikuwa mikononi mwake. Ubaldo alipomwuliza umetoka wapi, mzee alimwambia autunze na asiulize mengi. Basi hakuuliza. Mzee akaja akafa, swali likabaki palepale.

Sasa, Serralta nayo ilikuwa na kitabu chake cha kwaya, kikubwa hasa, kilichopelekwa kwa askofu wakati wa vita kisije kikaibiwa, na huko kikasahauliwa. Alipokuja Padri Livio, kijana mwenye bidii, akakifuata na kukirudisha. Jumapili hiyo, baada ya misa, ambayo siku hizo ilikuwa imeanza kusaliwa kwa Kiitaliano badala ya Kilatini, akawaambia waumini kwamba amezipitia kurasa zote mojamoja. Wa sitini na moja upo, wa sitini na tatu upo, wa sitini na mbili haupo. Hakumtaja mtu. Alisema tu kwamba aliye nao aurudishe kabla ya sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria mbinguni, wala hataulizwa neno.

Shingo za watu zikageuka taratibu kumwelekea kinyozi. Na pale nje kwenye ngazi, Argia, bibi aliyeimba kwaya tangu usichana wake na asiyejua kunong'ona, akamwekea mkono begani.

"Ubaldo mwanangu," akasema, "baba yako alikuwa na ufunguo, na wewe una ukuta. Sisi wengine tuna macho tu."

Watu wakacheka. Ubaldo naye akacheka, maana afanyeje, lakini kicheko hicho hakikufika naye nyumbani. Siku zilizofuata wateja walikuja wakanyolewa kimya, na kinyozi ambaye watu hawapigi naye soga anakuwa kama mgonjwa. Mkewe, Settimia, alimpikia tambi na maharage, yeye akaisogeza sahani pembeni. Ubaldo alikuwa ameugeuza na kuuchungulia ule ukurasa wa G kila upande, ila pembe zake zilikatwa zamani ili uingie kwenye fremu, na namba ilikwenda na pembe. Kuupoteza kungemuuma, ndiyo, lakini angevumilia. Asichoweza kuvumilia ni mzee wake, aliyezikwa na mji mzima ukimlilia, kuitwa mwizi wa kanisa.

Settimia akamwambia aende akajue moja, kuliko kufa na njaa kwa jambo asilolijua.

Akaenda. Angeweza kwenda mchana, wakati madirisha yamefungwa na watu wamejilaza, lakini aliona watasema amejificha. Akangoja jioni, watu wote wakiwa uwanjani wanatembea huku na huko kama desturi yao, akapita katikati yao na fremu kifuani, imefunikwa kwa shuka. Hakuna aliyemsalimu wala aliyeacha kumtazama. Argia akaondoka kwenye benchi lake akamfuata nyuma, akisema anakwenda kuwasha mshumaa.

Padri Livio akawapokea vizuri kanisani. Kitabu kilikuwa wazi juu ya kinara chake kirefu cha kuwekea vitabu. Wakautoa ukurasa kwenye fremu, wakaulaza baina ya sitini na moja na sitini na tatu. Buluu ilifanana na buluu. Wekundu wa mistari ulifanana. Padri akakuna kidevu, akasema kwa upole kwamba kwa kweli unaonekana kama ni wenyewe.

"Basi uchukue, Padri," Ubaldo akasema. "Ila baba yangu usimtaje. Sema umeokotwa."

Padri akamwahidi. Argia, ambaye alikuja kushuhudia jambo hilihili, akaona halimpendezi kama alivyodhani. Akasogea, akavaa miwani. Akasema kwamba yeye aliimba kutoka kitabu hiki tangu ana meno yote, wakisimama waimbaji wote mbele ya kinara kimoja, na hakumbuki wimbo kukatika hapo hata mara moja.

"Tuimbe basi," Padri akasema.

Wakaanza juu ya ukurasa wa sitini na moja, sauti ya bibi ikikwaruza na ya padri ikiifuata. Mwisho wa mstari wa mwisho palikuwa na kialama kidogo, mfano wa mkia wa panya. Hicho waimbaji hukiita mlinzi. Hakiimbwi, kazi yake ni kumwonyesha mwimbaji noti itakayomngoja akifunua, asije akapotea njiani. Na neno la mwisho hapo lilikuwa limekatwa nusu: *Alle*. Argia akaingia kwenye ukurasa wa Ubaldo, ulioanza na *Gaudeamus*, yaani tufurahi, akasimama.

"Alle... gaudeamus?" akasema. "Kilatini gani hiki?"

Padri akauinua ukurasa wa Ubaldo, akauweka kando. Chini yake, juu kabisa ya ule wa sitini na tatu, palikuwa na *luya*, na noti ya kwanza ilikaa palepale alipoonyesha mlinzi. Wakaimba tena toka mwanzo, na safari hii aleluya ikavuka kurasa bila kujikwaa. Hapakuwa na ukurasa uliopotea. Mtawa aliyeandika namba hizo za Kirumi, karne hizo zilizopita, huenda kwa kusinzia, aliongeza kijistari kimoja chekundu, akaruka kutoka sitini na moja hadi sitini na tatu, akaendelea na kazi yake.

Padri Livio akacheka mpaka akajifuta macho. Akasema yeye alikisoma kitabu kwa namba kama mhasibu, hakukumbuka kwamba kimeandikwa kiimbwe, na Jumapili atalisema hilo madhabahuni.

Ubaldo alikuwa amekaa chini, kwenye ngazi ya madhabahu. Argia akajivuta akakaa karibu yake.

"Crispino alikuwa anachelewa kupiga kengele," akamwambia. "Kila siku. Lakini huo si wizi."

Hivyo ndivyo alivyoomba radhi, na Ubaldo akapokea. Wakatoka wote wawili, ukurasa umerudi kwenye fremu, fremu mikononi bila shuka, bibi ameshika upande mmoja, na kila waliyempita uwanjani Argia alimsimamisha akamweleza yule mtawa na usingizi wake, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mashamba.

Nyumbani Settimia alisikia habari kabla mumewe hajavua koti. Akapakua tambi. Ubaldo akala sahani ya kwanza, akavuta ya pili.

"Sasa baba aliupata wapi?" mkewe akauliza.

"Sijui," Ubaldo akasema, mdomo umejaa. "Niongezee jibini."

Akaongezewa.