Kucha ya Kidole Gumba

Ruiru nzima hakuna aliyenishinda kuchagua risasi, na nasema hivyo bila haya, mimi niliyepata lori langu mwenyewe bila kukanyaga shule. Miaka ya hamsini niliijaza bunduki nene ya mzungu wa shamba la kahawa, ile ya kukokiwa kwa wenzo chini ya triga. Risasi zake zilikuwa butu zote, maana zilipangana kwenye bomba moja nyuma ya nyingine, na yenye ncha ingelipua ya mbele yake. Laini zilikuwa za swara, ngumu za mbogo, na rangi yao ilikuwa moja. Nilizikwaruza kwa kucha ya gumba. Ikiacha alama, hiyo ni laini.

Jumamosi moja tulifuata mbogo huko Ngoliba. Kesho yake nilikuwa nibatizwe, na mke wangu alikuwa amenikata kucha zote. Rika langu, mfuata nyayo mwenzangu aliyesoma misheni, akaniambia, "Wakini, lete boksi la risasi nikusomee."

"Wewe kasome Biblia. Risasi niachie mimi."

Alicheka. Nikachagua kwa kupapasa tu.

Mzungu alimpiga mbogo begani mara mbili. Hakuanguka. Alimfikia rika langu kabla hajaufikia mti.

Tulipomchuna mbogo yule nilizikuta risasi zimepondeka juu ya mfupa, laini zote mbili. Nilizitia mfukoni kabla mzungu hajaziona.

Mjane wa rika langu hunishukuru kila Jumapili kanisani kwa kumbeba mumewe mpaka barabarani. Nami huikunja ngumi, kucha yangu ndefu isionekane.