Muhogo wa Siku Mbili

Mimi si mtu wa kukaa. Hata kanisani mguu wangu mmoja huwa unacheza chini ya benchi, na mume wangu amezoea kunikanyaga taratibu ili nitulie. Mama yangu alikuwa akisema kwamba alinizaa kabla mkunga hajafika, na tangu siku ile sijawahi kumngoja mtu.

Kwa hiyo mwaka ule binti yangu alipobaki nyumbani, aliyeteseka zaidi nilikuwa mimi. Matokeo ya darasa la saba yalitoka na jina lake halikuwemo. Januari wenzake wakavaa sare mpya wakaelekea sekondari, yeye akaketi mlangoni na kikombe cha chai mpaka chai ikapoa. Hakulia. Kila nilichomtuma alikifanya, tena vizuri, kisha akarudi palepale mlangoni. "Mama, sasa nifanye nini?" aliniuliza asubuhi, na jioni akaniuliza tena. Nilikuwa sina jibu, na mimi nikikosa jibu huwa nafoka.

Siku moja nilikwenda Kasulu kuchukua mitumba ya kuja kuuza huku kwetu Busunzu. Mwenye duka ninayenunua kwake, mzee wa Kiislamu mwenye ndugu zake Tanga, mtu mpole kabisa, akaniuliza binti yupo kidato gani sasa. Nikamjibu bila kupepesa macho: "Yupo kanisani, baba. Anahudumia wazee." Mzee akafurahi, akamwomba Mungu amzidishie. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nagaagaa kwenye kiti. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi dukani kwake nafika kila baada ya wiki mbili.

Ndipo mchungaji wetu akatangaza jambo ambalo nililipokea kama limetumwa kwangu. Alikuwa amechoka, alisema, kuwaona watoto wakiimba tu. Kila familia ichague mtu mmoja kijijini imhudumie kwa mikono yake, na watoto ndio wawe mbele. "Mtoto asiyemtumikia mtu atajuaje ameumbwa kwa ajili gani?" akauliza. Baada ya wiki tatu, Jumapili ya watoto, kila familia ingetoa ushuhuda. Watu waligeuka kunitazama kwa sababu nilisema amina kabla hajamaliza.

Tukamchagua bibi mmoja mjane anayeishi peke yake karibu na bonde. Alikimbia Burundi pamoja na wazazi wangu, na mimi namwita mama. Shamba lake la muhogo lilikuwa limekomaa, ila mikono yake haikuwa tena na nguvu ya kung'oa. Wiki ya kwanza binti yangu alimtekea maji na kumfagilia uwanja. Wiki ya pili akawa anarudi na maneno. Bibi kasema hivi, bibi kacheka vile, bibi kamfundisha kusuka ungo. Mtoto ambaye tangu Januari alikuwa anajibu "ndiyo" na "hapana" tu! Ilitakiwa niridhike. Lakini maji ya kutekwa hayaonekani madhabahuni, na mimi nilitaka kitu cha kushika mbele za watu. Jumatatu ya wiki ya tatu nikaamua tumng'olee bibi muhogo na kumtwangia unga.

Muhogo wetu ni mchungu. Unamenywa, unalowekwa kwenye shimo la maji bondeni siku nne, na huku kwetu penye baridi hata tano, mpaka ukiubonyeza ubonyee wenyewe. Baada ya hapo unaanikwa, ndipo unatwangwa. Hakuna asiyelijua hilo. Mama yangu, kila tulipomharakisha jikoni, alitusimulia juu ya familia moja waliyokuwa wakikimbia nayo, ambayo kwa njaa na hofu ilitoa muhogo majini kabla ya siku zake ikaula. Asubuhi mtoto wao mmoja hakuamka.

Jumatano nikashuka bondeni na ndoo.

"Mama, bado," binti yangu akasema. "Angalia, huu mgumu."

"Jua litamalizia."

"Bibi kasema siku tano."

"Bibi hatoi ushuhuda Jumapili," nikamjibu.

Nalikumbuka neno hilo kama nilivyolisema. Tukaukata vipande vidogo vidogo, jua la kiangazi likaukausha upesi, Jumamosi tukautwanga. Unga ulikuwa mweupe mpaka majirani wakasifia. Jumapili binti yangu akatangulia nao kwenye kapu kichwani, akina mama wakapiga vigelegele, na ushuhuda nikautoa mimi. Niliongea sana. Yeye alisimama pembeni yangu akitazama sakafu, na nikadhani ni haya za kitoto.

Kwetu ukimpelekea mtu chakula hukiachi mlangoni ukaondoka. Mnaketi, kinapikwa, mnakula wote. Na mwenye nyumba ndiye anayeonja kwanza, machoni pa wageni, ili wajue kwamba ndani ya nyumba ile hakuna sumu. Basi baada ya ibada tukaenda kwa bibi, mimi na binti yangu na watoto sita wa shule ya Jumapili. Binti alipika kwa sababu bibi alimwomba. Sijui moyo wake ulikuwaje wakati anasonga ule ugali. Mimi nilikuwa nje nawapanga watoto kwenye mkeka na kuwafundisha wimbo wa kumwimbia bibi baada ya kula.

Ugali ulipoletwa na maharage, nilijua kabla sijanawa. Muhogo uliolowekwa sawasawa una harufu yake, ambayo wageni huilalamikia na sisi huimezea mate. Huu haukuwa na harufu yoyote. Mguu wangu ukaanza kucheza. Nikajiambia kwamba tonge moja halimdhuru mtu. Nikajiambia kwamba jua lilikuwa kali mno wiki ile. Nikawaza kapu, vigelegele, mchungaji, watoto sita wanaonitazama. Niseme ukweli, kwa sababu bado unaniuma: kwa muda wa kuvuta pumzi mbili tatu, nilikuwa tayari kumwacha yule bibi aonje.

Bibi akamega tonge, akalichovya. Binti yangu akamshika mkono.

Kumshika mzee mkono akiwa anakula ni utovu wa adabu ambao mtoto wa kwetu hapaswi hata kuufikiria.

"Bibi, usile. Tuliutoa siku ya pili."

"Nani aliutoa?"

Angeweza kusema mama. Mdomo ulikuwa wake na ukweli ulikuwa wake. "Na mimi nilikuwepo," akasema.

"Ni mimi, mama," nikasema, na sauti yangu niliisikia ndogo. "Yeye alinikataza. Nilitaka tuwahi Jumapili."

Bibi akalinusa lile tonge, akalirudisha kwenye sahani. "Pua yangu ilijua tangu mlangoni, mwana wanje, mwanangu. Lakini wageni waliopigiwa vigelegele kanisa zima, mimi ningewakatalia vipi chakula chao?"

Kwa hiyo angekula. Angekula ili nisiaibike. Nilitamani ardhi inimeze, na badala ya kunimeza ikanipa kazi: nikachimba shimo nyuma ya nyumba, nikaufukia ule ugali na unga wote uliobaki, kuku wasije wakadonoa. Watoto tukawachemshia viazi vitamu. Wimbo hakuna aliyeukumbuka.

"Kesho mnang'oa mwingine," bibi akasema tulipoaga. "Na siku ya kuutoa majini atasema huyu."

Binti yangu akaniomba alale pale mpaka kazi iishe. Nikamruhusu, nikamletea nguo zake.

Wiki ile nilipita karibu na bonde mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri, na kila mara nilijizuia nisishuke. Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani nikaurekebisha ushuhuda wangu wote, hata ile sehemu ya kimya changu bibi alipokuwa anamega tonge. Mchungaji hakunisaidia hata neno moja, akaniacha niseme mpaka nimalize. Kisha nikaenda moja kwa moja kwa bibi, nikiwa na hamu ya kumwambia binti yangu kwamba nimekiri.

Nilimkuta amepiga magoti uwanjani akigeuza muhogo juani, kipande kimoja kimoja. Bibi alikuwa ameketi kivulini akimwelekeza kwa fimbo.

"Shikamoo mama," akasema bila kuinuka. Nikamweleza yote. "Vizuri, mama," akanijibu. "Ila usikanyage mkeka."

"Na wewe utarudi lini?"

Akafikiri kidogo, mikono ikiendelea. "Huu ukikauka tutatwanga. Halafu kuna maharage ya bibi hayajapurwa. Akiinama anaumwa mgongo."

Alikuwa haniulizi tena afanye nini. Kulikuwa na mtu anayemhitaji, na mtu huyo hakuwa mimi.