Marhoon na Gari Yenye Mkia wa Ngalawa

Mwanangu Marhoon alijifunza ufundi wa magari kwenye gereji moja ya Darajani, Unguja. Mwaka 1964 tulipohamia Maskati hakuja na kitu ila spana zake ndani ya kikapu. Magari hapa yalikuwa machache, akawa anatengeneza pampu za maji huku akingoja bahati yake.

Mwaka wa sabini Bwana Mahfoudh, mfanyabiashara wa Matrah, akamletea gari ya Kimarekani aliyoinunua Bombay, iliyoundwa kabla ya vita vikuu vya pili. Nyekundu, ya watu wawili tu, pua ndefu kama kitanda, nyuma imechongoka kama ngalawa. Ubavuni mabomba manne yanang'ara. Ndani pana kibati kinachosema kuwa ilijaribiwa ikapita maili mia kwa saa.

"Maili mia uende wapi, mwanangu? Bahari hii, mlima huu!"

Akacheka. "Mama, ina silinda nane, na feni ya kuisukumia injini hewa. Ikiwa nzima, inaruka."

Haikuruka. Kila ikipanda mlima wa Riyam, ilikohoa nusu ya njia, ikarudi kinyumenyume. Bwana Mahfoudh akampa mpaka Ijumaa: ikipanda, Marhoon atakuwa fundi mkuu wa gereji yake mpya, isipopanda, atatafuta mwengine.

Jirani yetu Bi Nasriya akapita akisema, "Ngalawa hiyo, itieni majini!"

Mimi nikajua ni jicho la hasidi. Alhamisi nikatia makaa chetezoni, nikatupia ubani, nikaenda kuifukiza. Injini ilikuwa ikinguruma, boneti juu.

"Mama! Petroli! Rudi nyuma!"

Nikarudi hatua tatu, lakini upepo ukaupeleka moshi palepale. Ulipita taratibu juu ya injini, ila kila ukifika kwenye bomba moja nene ulitupwa pembeni. Mimi kukodoa macho ndiyo maradhi yangu.

"Marhoon, nani anapuliza hapo?"

Akalowesha kidole mate, akakipeleka. Ufa, mwembamba kama unywele! Hewa yote ya ile feni ilikuwa ikivujia nje kabla ya kufika injini, naye kautafuta ubovu huo wiki mbili. Jioni ile ile akalichomelea bomba.

Ijumaa baada ya sala akanipakia mimi. Nilifumba macho, buibui nimelishika kwa mikono miwili. Gari ikapiga mluzi, ikapanda Riyam bila ya kukohoa hata mara moja. Bwana Mahfoudh alikuwa akitungoja juu; Marhoon alipomhadithia kisa cha moshi, akacheka, akamkabidhi funguo za gereji.

"Na huyu msaidizi wako wa ubani," akauliza, "anataka mshahara gani?"

"Nna sharti moja tu," nikasema. "Huko kuteremka, twende polepole."