Mguu wa Tembo Mlangoni

Aliyenishawishi ni jirani yangu hapa Berchem, Ubelgiji, mama wa Lubumbashi aliyenizidi miaka ishirini. "Maman, twende tuone château," aliniambia; kwao hata mdogo huitwa Maman kwa heshima. "Dimanche wanafungulia bantu mulango."

Kasri hilo, ambalo Jumapili hufunguliwa kwa watu, liko nje kidogo ya Brussels. Ni mali ya familia moja tangu enzi za ukabaila, na mwenyewe bado anaishi humo.

Tulipokewa na uvundo. Handaki la maji linalozunguka kuta, ambalo kwenye picha lilimetameta, lilikuwa limeganda kijani kama mlenda uliochacha. Chini ya daraja alielea bata aliyekufa, tumbo juu. Nilijiziba pua kwa mtandio.

Mwenyewe, mzee mrefu mwenye sweta iliyotoboka viwikoni, alitukaribisha kwa bashasha. Mvua ilikuwa inanyesha, akapokea miavuli yetu wageni wote na kuitumbukiza ndani ya pipa la kijivu kando ya mlango. Nikainama kulitazama. Halikuwa pipa. Ulikuwa mguu wa tembo, umekatwa chini ya goti na kukombwa nyama yote, kucha zake zimeng'arishwa kwa nta. Maji ya miavuli yalichuruzika humo ndani, na ngozi ile kuukuu ikaanza kunuka.

"Babu yangu aliuleta kutoka Katanga," alisema kwa Kifaransa, akamgeukia jirani yangu, aliyekuwa amemtajia kwao Lubumbashi, mji wa huko huko Katanga, akitabasamu. "Kwa hiyo, madame, hapa uko nyumbani."

Wenzetu wakacheka. Mmoja wao akaupapasa ukucha kama anayebembeleza paka.

Jirani yangu hakucheka. "Na ile mitatu mingine, monsieur, iko wapi?"

Mzee akadhani ni mzaha. Alipomtazama vizuri akaona siyo. Akajibu kwamba hajui, labda iko kwa binamu zake, kisha akatuharakisha ukumbini kwenye kahawa na keki. Nilimega kipande kidogo, nikakitema kwenye leso.

"Maman, tutoke," jirani yangu akaninong'oneza. "Mi nitatapika humu."

Tukatoka bila kuaga. Mwavuli wangu niliuacha, naye akauacha wake. Sikuweza kutia mkono mle.

Kwenye basi tulikaa tumelowa chapachapa. Baada ya vituo kadhaa ndipo aliponiambia kuwa babu yake alikuwa mpagazi wa wawindaji wazungu huko Katanga. Watoto walipomuuliza alikuwa anabeba nini, aliwafukuza.