Mami na Poda ya Misuli

Ndugu yangu mdogo alikuwa mwembamba hivi, upepo ikivuma kwetu Ngoingwa tunamshika shati asiende. Na kazi yake ilikuwa kupakia mawe kwa lori, huko machimbo ya Juja. Sasa msimamizi akaanza kuchagua wenye mabega tu. Ndugu yangu akashuka Ruiru, akarudi na mkebe wa poda ya protini, mkubwa kama tangi ya maji.

Kwa vile alikuwa anatoka alfajiri, alimwachia mami amkorogee. Ndani ya mkebe kulikuwa na kijiko kadogo ya kupimia. Mami akaiangalia, akacheka.

"Haiya! Hii ni ya kulisha kifaranga?"

Kwetu kumpa mtu uji nusu kikombe ni kumfukuza. Mami akapima na kikombe ya chai, imejaa mpaka inamwagika. Asubuhi moja, jioni ingine, ndani ya uji, na mayai juu.

Tumbo ikafura. Na gesi, wacha tu! Kuku zetu zilihamia kwa jirani, halafu jirani naye akahama. Tulicheka mpaka siku alitoka kazi miguu imefura, mdomo umekauka, mkojo ni povu tupu kama ya omo. Hapo kicheko ikaisha.

Tukampeleka kliniki Thika. Daktari akapima presha, akapima damu.

"Kijana, presha umekuwa nayo kitambo na hukujua. Figo zilikuwa zimechoka. Sasa umeziongezea poda yote hii, na unashinda kwa jua bila maji."

"Zitapona?" ndugu yangu akauliza.

"Wacha poda, meza dawa, kunywa maji. Urudi tupime tena. Siwezi kukuapia."

Mami akakaa chini, leso kwa macho. "Nimemuua na mkono yangu mwenyewe."

"Mami, wacha hizo," ndugu yangu akamwambia. "Ni vile unanipenda bila kupima."

Alikaa nyumbani akikula githeri, mahindi na maharagwe, kama sisi wote. Mami alikuwa anaomba Mungu mpaka nikaona huruma kwa Mungu.

Siku ya kurudi, daktari akasoma karatasi polepole, mpaka mimi nikazeeka nikiwa nimesimama.

"Figo zimerudi sawa. Dawa ya presha usiwache. Na mawe, uanze na madogo."

Mami akasimama katikati ya wagonjwa, akapiga ngemi tano, vile vigelegele vya mtoto kijana akizaliwa. Nesi akakuja mbio na glavu, anauliza mama amejifungulia wapi.